Kufufua injini ya nguvu nyingi: pima kwanza, vipuri baadaye

Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni kwa wale wanaotaka kufufua injini ya nguvu nyingi, iwe ya turbo au ile inayovuta hewa yenyewe na kuzunguka hadi mara 8,000 kwa dakika. Naanza na jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama injini itadumu au itarudi mezani mapema. Watu wengi huagiza kwanza pistoni za foji (zilizofuliwa), konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti) na beringi, ndipo waifungue injini. Huko ni kuanza mwisho. Huwezi kujua ukubwa wa pistoni unayohitaji mpaka silinda zipimwe, wala huwezi kujua beringi za kuagiza mpaka krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ipimwe, na zaidi ya yote huwezi kujua kama vipuri vipya vitapona mpaka ujue kilichoviua vile vya zamani.

Kwa hiyo kazi inaanza injini ikiwa bado imefungwa. Kipimo cha mgandamizo peke yake hukuambia kwamba kuna tatizo, lakini kipimo cha uvujaji hukuonyesha lilipo. Pistoni inawekwa juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, kisha hewa yenye shinikizo inaingizwa kupitia tundu la plagi. Hewa ikisikika kwenye njia ya kuvutia hewa, valvu ya kuingizia haikai vizuri. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikitokea kwenye mfuniko wa kujazia oili, inapita kwenye ringi. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, shuku gasketi ya silinda hedi au ufa. Injini yenye afya hupoteza asilimia chache tu ya hewa hiyo. Ikifika asilimia 20, hakuna cha kubishania.

Ukishaifungua, panga beringi zote mezani kwa namba za silinda, nusu ya juu na nusu ya chini, na usitupe hata moja. Nusu ya juu ya beringi ya konrodi ndiyo inayobeba kishindo cha mwako. Ikiwa imepondeka katikati ilhali nusu ya chini bado ina sura nzuri, usikimbilie kuilaumu pampu ya oili, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba mafuta yalikuwa yakilipuka badala ya kuwaka kwa mpangilio, na hapo tatizo liko kwenye taimingi, kwenye ubora wa petroli au kwenye programu ya kompyuta ya gari. Nusu ya chini ikiwa ndiyo iliyoumia zaidi, tazama kasi ya mizunguko, kwa maana nusu hiyo ya chini ndiyo inayoizuia pistoni isiendelee kupanda inapofika juu. Beringi zote zikiwa na mikwaruzo na chembe ngumu zilizozama ndani yake, huo ni uchafu, na uchafu huo ulikuwa na mahali ulipotoka.

Pistoni nazo zina ushahidi wake. Vishimo vidogo vidogo kwenye kingo za kichwa cha pistoni vinatokana na mwako wa kugonga, yaani ule wa mafuta kulipuka badala ya kuwaka kwa mpangilio. Tundu lililoyeyuka katikati linatokana na mafuta kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche. Ukuta mwembamba ulio kati ya ringi na ringi ukiwa umekatika, jambo wanalolifahamu sana wenye injini za Subaru EJ25 za turbo, basi ama mwako ulikuwa ukigonga ama ncha za ringi zilikuwa zikigusana. Uharibifu ukiwa kwenye silinda moja tu, peleka nozeli zote zikapimwe kabla ya kufanya lolote lingine, kwa sababu nozeli moja iliyoziba kidogo hulifanya kasha zima la pistoni mpya kuwa gharama ya bure.

Baadhi ya injini zina udhaifu wake unaojulikana, na ni vyema kuujua kabla ya kufungua. Nissan RB26DETT za mwanzo, zilizofungwa kwenye Skyline GT-R ya R32 iliyotoka 1989, zina sehemu fupi sana ya krankshafti inayozungusha pampu ya oili, na gia ya pampu hiyo huweza kupasuka injini ikigongeshwa kwenye kikomo cha mizunguko mara kwa mara. BMW S65, ile V8 ya lita 4.0 ya M3, pamoja na S85 ya V10 ya lita 5.0, zinafahamika kwa kula beringi za konrodi, kiasi kwamba wamiliki wengi waangalifu huzibadilisha kabla hazijalia. Toyota 2JZ-GTE haina jina baya la namna hiyo, kwani bloku yake ni ya chuma cha kuyeyusha na krankshafti inashikwa na beringi kuu saba, na ndiyo nitakayoitumia katika mifano yangu kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi: silinda ina kipenyo cha milimita 86 na pistoni inatembea milimita 86.

Sasa vipimo vyenyewe. Maikromita na geji ya kipenyo cha ndani zitumike vipuri vyote vikiwa vimelala usiku kucha katika chumba kimoja, karibu na nyuzijoto 20. Hili si pambo. Pistoni ya alumini yenye kipenyo cha milimita 86 hubadilika kwa takriban milimita 0.02 kwa kila nyuzi 10 za joto, na kiasi hicho ni sehemu kubwa ya nafasi nzima unayojaribu kuipima. Pistoni iliyoshikwa mkononi muda mrefu au iliyotoka juani hivi punde itakudanganya. Kila silinda inapimwa juu, katikati na chini, kwa urefu wa injini na kwa upana wake, na kila shingo ya krankshafti (sehemu ya duara inayokaa ndani ya beringi) inapimwa katika pande kadhaa ili ovali (kupoteza uduara) na mteremko (mwisho mmoja kuwa mwembamba kuliko mwingine) vionekane.

Kwa beringi, utaratibu ninaouamini ni huu: pima shingo ya krankshafti kwa maikromita, ifunge maikromita hiyo hiyo katika kipimo ulichopata, kisha weka sifuri ya geji ya ndani humo humo. Baada ya hapo funga beringi na kofia yake, kaza bolti kikamilifu, ingiza geji na usome moja kwa moja. Sindano inachoonyesha ndiyo nafasi ya oili, na kosa dogo lolote la maikromita limejifuta lenyewe kwa sababu vyombo vyote viwili vimetokana na kipimo kimoja. Pima kwa mstari ulio wima na maungio ya beringi, kwani beringi hutengenezwa ikiwa nene katikati na nyembamba kuelekea kwenye maungio, hivyo ukipima karibu na maungio utaona nafasi kubwa isiyo ya kweli.

Kanuni ya kuanzia ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo. Shingo ya konrodi ya 2JZ ina milimita 52, hivyo nafasi ni takriban milimita 0.05, shingo kuu ina milimita 62, hivyo ni kama milimita 0.06. Injini itakayofanya kazi ngumu huongezewa kidogo, lakini maelekezo ya mtengenezaji wa beringi yapewe uzito kuliko kanuni yoyote ya jumla, ikiwamo hii niliyoitaja.

Mwisho kwa leo, naomba mtu asidharau bolti za konrodi. Chukua injini hiyo hiyo ikizunguka mara 7,000 kwa dakika. Wastani wa mwendo wa pistoni ni mita 20 kwa sekunde, lakini inapofika juu kabisa inasimama na kugeuka, na mvuto wake hapo ni zaidi ya mara 3,000 ya mvuto wa dunia. Pistoni pamoja na pini na ringi zake zikiwa na gramu 500, konrodi inavutwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa tani moja na nusu, na mwishoni mwa hatua ya kutoa moshi hakuna shinikizo la mwako la kuisaidia. Ukipandisha mizunguko hadi 8,000, nguvu hiyo haiongezeki kwa kiwango cha mizunguko bali kwa mraba wake, yaani inazidi kwa takriban asilimia 31 na kukaribia tani mbili. Kinachoshikilia yote hayo ni bolti mbili.

Ndiyo maana bolti za konrodi za injini ya namna hii hupimwa kwa kurefuka kwake. Spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu ya kuzungusha bolti, hupima msuguano kuliko inavyopima ukazaji, kwani takriban asilimia 90 ya nguvu unayoweka huishia kwenye msuguano wa kichwa cha bolti na wa nyuzi, na asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti. Ukibadilisha kilainisho umebadilisha ukazaji, hata kama spana imelia kwenye namba ile ile. Tumia kilainisho kilichotajwa na mtengenezaji wa bolti, na toki iliyotajwa kwa kilainisho hicho.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana mkuu kwa maelezo haya. Nina swali kuhusu ringi. Fundi ninayefanya naye kazi anasisitiza kwamba nafasi kati ya ncha za ringi iwe ndogo iwezekanavyo ili mgandamizo usipotee, naye ana uzoefu wa miaka mingi kwenye magari ya kawaida. Injini yangu ni ya turbo na nimepewa ringi ambazo hazijasagwa ncha. Je, nimfuate? Vilevile, ule uzi laini wa plastiki unaobanwa kwenye beringi ili kupima nafasi hautoshi?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, fundi wako yuko sahihi kwa magari anayoyafahamu, lakini turbo inabadilisha hesabu. Mzunguko wa silinda ya milimita 86 ni milimita 270. Ringi ya chuma ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya ukuta wa silinda, inarefuka kwa takriban milimita 0.3 zaidi ya ukuta huo, na urefu huo wote unaziba ile nafasi ya ncha. Kwa injini inayovuta hewa yenyewe watu huanza na sehemu nne za elfu za kipenyo, yaani karibu milimita 0.34 kwa silinda hiyo. Kwa turbo inayosukuma kwa nguvu hufikia sehemu sita za elfu, yaani karibu milimita 0.52. Ringi yenye nafasi kubwa kidogo itapitisha moshi kiasi injini ikiwa baridi. Ringi ambayo ncha zake zimegusana haina pa kwenda ila kuusukuma ukuta wa silinda, kuukwaruza, kisha kuivunja pistoni. Kati ya hasara hizo mbili, ya kwanza huwezi hata kuiona ukiwa barabarani.

Ringi ya pili ipewe nafasi kubwa kidogo kuliko ya kwanza, ili moshi unaopenya usikwame kati yao na kuinyanyua ringi ya juu kutoka kwenye kiti chake. Unaposaga, saga kutoka nje kuelekea ndani, ncha zibaki sambamba, kisha uondoe makali kwa jiwe laini. Ingiza ringi kwenye silinda yake yenyewe, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, na upime kwa fila geji. Ringi ya silinda ya kwanza isihamishiwe ya tatu.

Kuhusu uzi wa plastiki, ni chombo kizuri cha kuhakikishia kwamba hakuna kosa kubwa. Hata hivyo unakuonyesha mahali pamoja tu ulipobanwa, hauonyeshi ovali, na lazima krankshafti isizungushwe hata kidogo wakati wa kukaza. Kwa injini ya kawaida unatosha. Kwa hii yako, tafuta mwenye geji.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, mimi kazi yangu ni kukereza na kuhoni bloku (kusugua kuta za silinda kwa jiwe), na ninaomba kuongeza mambo mawili ambayo wateja wengi huyakataa kwa sababu yanaongeza gharama.

La kwanza ni bamba la kukazia. Bolti za silinda hedi zinapokazwa huvuta chuma kilichozizunguka, na silinda iliyokuwa duara kamili mezani inapoteza uduara wake injini ikishafungwa. Kwa hiyo tunafunga bamba nene la chuma juu ya bloku, kwa gasketi na bolti zile zile zitakazotumika na kwa toki ile ile, ndipo tunahoni. Silinda inakuwa duara ikiwa katika hali itakayofanyia kazi. Jambo hilo hilo linahusu kofia za beringi kuu: ukiondoa bolti za kiwandani na kuweka stadi bolti ngumu zaidi, umebadilisha umbo la matundu ya krankshafti, na mstari wote unapaswa kupimwa upya na mara nyingi kuhoniwa upya.

La pili ni kuosha. Baada ya kuhoni, mistari iliyokatana ukutani inakuwa na unga wa jiwe la kuhonia uliojificha ndani yake. Petroli na dizeli huondoa grisi na kuuacha unga huo pale pale. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni na brashi ngumu ya nailoni, tena kwa kurudia. Silinda ikishaoshwa, ifute kwa kitambaa cheupe kilicholowekwa oili nyepesi. Mara ya kwanza kitambaa kitatoka na rangi ya kijivu, hata kama jicho linaona ukuta unang'aa. Rudi kwenye sabuni. Kitambaa kikitoka cheupe ndipo umemaliza, na hapo hapo paka oili, kwa kuwa chuma kikavu kilichotoka kwenye maji ya moto huanza kushika kutu ndani ya dakika chache. Vizibo vya njia za oili navyo viondolewe na njia hizo zipitishwe brashi ndefu, kwani bloku iliyooshwa nje pekee haijaoshwa.

Mwanzisha uzi

Ninakushukuru sana mkuu, na ninaomba kila anayesoma arudie aya hiyo ya mwisho. Ringi mpya na beringi mpya haziwezi kupambana na unga wa jiwe la kuhonia.

Niongeze kuhusu pistoni, maana mkerezaji anahitaji kuziona kabla ya kugusa bloku. Pistoni za foji si za aina moja. Zile za aloi ya 4032 zina silikoni inayokaribia asilimia 12, hazitanuki sana, na zinaweza kukaa na nafasi ndogo kwenye silinda. Zile za aloi ya 2618 zina silikoni kidogo mno, zinavumilia mwako mkali bila kupasuka, lakini zinatanuka zaidi, hivyo zinahitaji nafasi kubwa na hugonga kwa sauti injini ikiwa baridi. Sauti hiyo ikipotea injini inapopata joto, si ugonjwa. Kwa gari la kila siku lenye nguvu ya wastani mimi huchagua 4032. Kwa turbo kubwa huchagua 2618 na kuikubali sauti yake ya asubuhi.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, kwa uzoefu wangu haya yote yanaweza kurahisishwa kwa kutumia oili nzito. Nafasi ikiwa kubwa kidogo, unaweka 20W-50 na shinikizo linapanda. Kwa nini tuhangaike na sehemu za elfu za milimita?

Mwanzisha uzi

Ndugu, naheshimu maoni yako, lakini shinikizo kwenye geji na oili inayofika kwenye beringi ni vitu viwili tofauti. Oili nzito husababisha shinikizo lipande kwa sababu inapita kwa shida, na injini ikiwa baridi sehemu kubwa yake hufunguliwa njia na valvu ya pampu na kurudishwa bila kufika kwenye beringi. Oili inayopita kwenye beringi pia ndiyo inayoipoza. Nafasi na uzito wa oili vinachaguliwa pamoja: injini iliyojengwa kwa nafasi ndogo inataka oili nyepesi, na iliyojengwa kwa nafasi kubwa kwa ajili ya mashindano inataka nzito zaidi. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa na joto la kazi. Shinikizo lililo juu ya hapo kwa mbali linaila nguvu ya injini kupitia pampu bila faida yoyote.

Ninapoona injini ambayo shinikizo lake limeshuka, ninataka kujua nafasi ipi imeongezeka na kwa nini. Oili nzito huchelewesha swali hilo, nayo beringi inaendelea kuisha.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeelewa mkuu. Sasa tuseme vipimo vyote vimekaa sawa na injini imefungwa. Siku ya kuiwasha nifanye nini, na baada ya hapo niitunze vipi?

Mwanzisha uzi

Kabla ya kuifunga kabisa, hakikisha valvu hazitagusa pistoni, hasa ukiwa umebadilisha kamshafti au umekata uso wa silinda hedi. Weka plastisini juu ya pistoni, funga hedi kwa gasketi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha fungua, uikate na upime unene wake. Kiasi kinachokubalika kwa kawaida ni kama milimita 2 upande wa kuingiza na milimita 2.5 upande wa kutoa, kwa sababu valvu ya kutolea hupata joto zaidi na kurefuka.

Siku ya kuwasha, ondoa plagi, zuia mafuta yasiingie, na zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka shinikizo la oili lionekane kwenye geji. Injini isiwashwe kabla ya hapo. Ikishawaka, chunguza uvujaji, hakikisha taimingi na mchanganyiko wa mafuta viko sahihi, na usiiache iungurume taratibu kwa muda mrefu. Ringi hukaa kwa kusukumwa ukutani na shinikizo la mwako, hivyo zinahitaji mzigo: panda kwa nusu ya mafuta katika gia ya kati, kisha achia na uiruhusu injini ishushe mwendo yenyewe, na urudie. Turbo isiachwe isukume kwa nguvu katika hatua hii. Tumia oili ya madini badala ya sintetiki, imwage baada ya safari hiyo ya kwanza, na tena baada ya kilomita 500 hivi.

Kila unapobadilisha oili, kata filta na ukunjue karatasi yake juu ya meza yenye mwanga. Mara ya kwanza utakuta vumbi laini la chuma, na hilo linatarajiwa. Vipande vyembamba vinavyong'aa na visivyovutwa na sumaku vinatoka kwenye beringi, na ukiviona, gari lisitembee tena mpaka ujue ni beringi ipi.

Katika matumizi ya kila siku, jambo lenye faida kuliko yote ni kuisubiri oili ipate joto. Geji ya maji hufika katikati mapema, ilhali oili bado ni baridi na nzito. Usiizungushe injini sana kabla oili haijafika nyuzi 80. Badilisha oili mapema kuliko ratiba ya kiwanda, kagua nafasi za valvu, soma plagi, na weka kumbukumbu za uwiano wa hewa na mafuta pamoja na za mwako wa kugonga, ili mabadiliko yaonekane yakiwa bado madogo.

Kuna sehemu moja ambayo sikuitaja hapo juu na ambayo inaua injini nyingi mpya. Beringi za zamani zilipokatika, chembe zake zilisafiri na oili hadi kwenye kipoza oili, na njia nyembamba za ndani ya kipoza hicho haziachi chembe hizo zitoke kwa kuoshwa, hata ukitumia dawa kali na hewa ya kompresa. Kama injini yako ilinoki kwa sababu ya beringi, nunua kipoza kipya, badilisha mipira yake, na turbo ipelekwe ikafunguliwe na kukaguliwa. Kipoza cha zamani usimuuzie mtu mwingine.